DisplayCAL na kolorimita: rivyu baada ya miezi minane, na kwanini gama ndo ilikua inaniharibia picha

Nianze na picha moja. Bibi yangu amekaa pembeni ya dirisha, kitambaa cheusi kichwani, nusu ya uso iko kwenye mwanga nusu iko kivulini, na niliipenda hii picha kuliko zote nilizowahi kupiga manake kwenye skrini yangu nilikua naona kila kunyanzi la shavu lake na kila mkunjo wa kile kitambaa. Nikawatumia ndugu, nikaipeleka ikachapwe kubwa. Ilivyorudi, upande wa kivulini umezama wote. Jicho moja halionekani, kitambaa kimekua doa jeusi tu, na upande wa mwanga ngozi ina umanjano kama wa mgonjwa. Ndugu nao wakasema kwenye simu zao wanaona hivohivo. Nikamrudishia mchapaji, akachapa tena kwa uvumilivu mkubwa, ikatoka vilevile, na yule bwana hakua na kosa hata chembe. Kosa lilikua mezani kwangu, kwenye monita niliyoiamini miaka mitatu.

Kwahiyo rivyu hii ni ya vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: programu ya DisplayCAL, ya bure, inayonyoosha mwanga na rangi za skrini kwa kutumia vipimo, na kolorimita, kile kifaa kidogo ukubwa wa kipanya unachokiegesha juu ya kioo cha skrini kikapima mwanga unaotoka. Kolorimita yangu nilipewa na rafiki, ya zamani kidogo, programu iliyokuja nayo haikubali kabisa kuingia kwenye kompyuta yangu ya sasa na mtengenezaji alishaacha kuishughulikia, nilikua nimeshakata tamaa nayo. DisplayCAL ikaitambua dakika hiyohiyo nilivyoichomeka. Hilo peke yake kwangu ni nyota moja nzima.

Sababu ya kuitambua ni kwamba chini ya DisplayCAL kuna injini inaitwa ArgyllCMS, kazi ya Graeme Gill, ambayo inaongea na vifaa vingi sana vya kupimia, vipya na vikongwe. ArgyllCMS yenyewe ni ya kuandika amri tu, dirisha jeusi na maandishi, wengi wangeikimbia. Florian Höch ndo akaitengenezea sura ya kubofya, mwanzoni ikaitwa dispcalGUI baadae DisplayCAL. Nawashukuru wote wawili kwa moyo kabisa.

Sasa kabla sijasema programu inafanyaje, lazima tuelewane gama ni nini, manake usipoielewa hii kitu utabofya bofya tu na mwisho utasema kalibresheni, yaani huku kuinyoosha skrini kwa kipimo, haina maana.

Kila pikseli kwenye skrini inapewa namba kutoka 0 hadi 255, 0 nyeusi kabisa, 255 nyeupe kabisa. Mtu yeyote atadhani 128, ambayo ni katikati, inatoa nusu ya mwanga. Hapana. Kwenye skrini iliyowekwa gama 2.2, ambayo ndo kawaida ya kompyuta leo, 128 inatoa asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe. Unachukua 128 unagawa kwa 255, jibu unalipandisha kwa kipeo cha 2.2, basi, hicho kipeo ndo gama yenyewe. Kikiwa 1.8 ileile 128 inatoa karibu asilimia 29, kikiwa 2.4 inashuka hadi 19 hivi. Angalia kwamba nyeusi na nyeupe hazijasogea popote, 0 inabaki 0 na 255 inabaki 255, kinachohama ni kila kitu kilichopo katikati. Ndo maana gama mbovu huigundui kwa kuangalia skrini hivihivi. Nyeupe unaiona nyeupe, nyeusi unaiona nyeusi, unaridhika, kumbe katikati kote kumepinda.

Na kwanini wameiweka hivo badala ya mstari ulionyooka? Sababu ni jicho. Chumba kina giza, washa mshumaa mmoja, washa wa pili, tofauti unaiona wazi. Washa mishumaa mia halafu ongeza mmoja, hutaona kitu. Jicho linajali sana mabadiliko madogo kwenye giza na halijali sana kwenye mwanga mwingi, kwahiyo namba zikigawanywa sawasawa kwenye mwanga zingepotea nyingi upande wa juu ambako jicho halizioni, na huku chini kwenye vivuli zingepungua mpaka uone ngazi ngazi. Gama inasukuma namba nyingi upande wa giza. Halafu kuna bahati moja nzuri sana: zile skrini za zamani za kioo kinene zenye kisogo, mtungi wake wa elektroni wenyewe kwa maumbile yake ulikua unatoa mwanga kwa kipeo kati ya 2.2 na 2.5 hivi, yaani karibu kabisa na kile jicho linachohitaji. Paneli za LCD tulizonazo leo haziko hivo, zenyewe zina mpindo kama herufi S, na kiwanda ndo kinaweka jedwali ndani la kuzilazimisha ziige tabia ya zile za zamani. Jedwali likipangwa kwa haraka ndo tunapata monita kama yangu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kwenye DisplayCAL kiko kwenye menyu ya zana, ripoti ya skrini kabla haijaguswa. Inachukua kama dakika moja. Inakuonyesha mwanga wa nyeupe, mwanga wa nyeusi, mwanga wa katikati, kontrasti, joto la weupe, na makadirio ya gama. Yangu ilisema hivi: nyeupe niti 270 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini), weupe kelvini 7600 (hilo ndo joto la weupe), gama 1.93. Nikakaa kimya nikaisoma mara ya pili.

Namba hizo tatu zilieleza picha ya bibi yote. Chukua shavu lake upande wa kivuli, kwenye faili lina namba kama 60. Kwenye skrini ya gama 2.2 hiyo 60 inatoa asilimia 4 ya mwanga. Kwenye skrini yangu ya 1.93 ilikua inatoa asilimia 6. Inaonekana tofauti ndogo lakini 6 ni mara moja na nusu ya 4! Nilikua naona shavu limeangaza mara moja na nusu ya vile wenzangu wote wanavyoliona, tena juu ya skrini ya niti 270 ambayo ni kali kupita kiasi kwa kazi ya picha. Kwahiyo nilikua nalishusha, nashusha vivuli, naongeza kontrasti, najiambia sasa ndo imekaa sawa. Na 7600 maana yake weupe umeelemea bluu, kiwango ni 6500, basi nikawa naongeza umanjano ili ngozi ipendeze kwangu. Kila kosa la monita nililirekebisha kinyume chake ndani ya faili.

Hili linauma zaidi kwa sisi tunaopiga picha za watu weusi. Ngozi nyeusi kwenye kivuli inaishi yote huko chini, namba 30, 50, 70, hapohapo ambapo gama ikikosewa kidogo inaharibu sana. Shavu, kidevu, nywele, zote zimebanana kwenye asilimia chache za mwanga. Mpiga picha anayepiga mandhari ya mchana anaweza asijue kabisa kwamba gama yake imepinda. Sisi tunajua siku picha inarudi na mtu hana uso.

Kama huna kolorimita kuna kipimo cha macho ambacho ni cha kweli kabisa na ningeomba kila mtu akifanye leo. Tengeneza picha yenye mistari myembamba ya pikseli moja moja, mweusi mmoja mweupe mmoja, na katikati yake weka mraba wa kijivu kitupu. Rudi nyuma au finya macho mpaka mistari iyeyuke iwe kijivu. Ile mistari inatoa nusu ya mwanga hasa, manake nusu ya pikseli zinawaka na nusu zimezima. Sasa badilisha namba ya mraba mpaka upotelee ndani ya mistari. Kwenye gama 2.2 utapotelea kwenye 186. Sio 128, watu wengi hapa hushtuka. Kwangu ulipotelea kwenye 178, na ukipiga hesabu 178 inakupa gama 1.93, sawasawa na kifaa kilivyosema. Niliona raha sana ile siku, macho na mashine kutoa jibu moja. Ila hakikisha picha inaonekana kwa ukubwa wake halisi asilimia 100, na kompyuta haijawekewa kukuza maandishi, vinginevyo mistari inachanganyikana na kipimo kinakua bure. Na ukae mbele ya skrini, macho usawa wa katikati. Paneli za LCD zina aina tatu kuu, TN, VA na IPS: za TN ukiinama kidogo tu gama inabadilika, VA nazo zina tabia hiyo kwa kiasi, IPS ndo zimetulia.

Haya, kazi yenyewe. Washa monita iache kama nusu saa ipate joto, zima modi ya usiku, zima kontrasti ya kujibadilisha yenyewe, zima kile kitambuzi cha kufuata mwanga wa chumba. Kama umeunganisha kwa HDMI angalia pia kompyuta inatuma namba zote 0 mpaka 255 na sio zile za kitelevisheni za 16 mpaka 235, manake monita na kompyuta zisipoelewana hapo nyeusi inakua kijivu au vivuli vinazibwa vyote, na hakuna kalibresheni itakayokuokoa. Nilipoteza jioni nzima kwa laptopu ya rafiki kabla sijagundua tatizo ndo hilo.

Kisha unachagua malengo: weupe 6500, mwanga niti 110 kwa upande wangu, gama 2.2. Programu inaleta mraba katikati ya skrini, unaegesha kifaa hapo, na inakuonyesha vipau vya nyekundu, kijani na bluu vinavyocheza papo hapo huku we unabonyeza vitufe vya monita. Hapa ndo pazuri kuliko kwote. Unashusha mwanga, unaona namba inashuka 270, 200, 150, 110. Unashusha bluu, kipau kinarudi katikati. Kila kinachoweza kurekebishwa kwenye vitufe kirekebishe hapo, usiiachie programu, manake programu inarekebisha kwa jedwali la kadi ya picha, na kadi nyingi jedwali lake lina hatua 256 tu, ukiivuta sana unapoteza hatua na anga la bluu linaanza kuonyesha ngazi. Gama kwenye monita yangu ilikua na chaguo tatu tu bila hata namba, nilipima zote, ya tatu ikanipa 2.12. Kutoka 2.12 kwenda 2.2 programu haina kazi kubwa, ngazi sikuziona.

Baada ya hapo inaendelea yenyewe, vijivu vingi kwanza, halafu rangi moja baada ya nyingine, mimi ilichukua kama dakika 40. Watu wanachanganya hapa: hizo ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuinyoosha skrini, weupe na gama, na hiyo inafanya kazi kwa kila kitu unachofungua. Ya pili ni kuandika profaili ya ICC, yaani maelezo ya skrini yako inavyoonyesha rangi, na hiyo inasomwa tu na programu zinazojua kusoma profaili. Ndo maana unaweza ukaona picha ileile ina rangi tofauti kwenye programu mbili kwenye skrini ileile, hasa kama monita yako ina rangi pana kuliko sRGB, kile kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta na mtandao. Haijaharibika kitu, moja inasoma profaili na nyingine haisomi.

Kuhusu sRGB kuna swali linarudi sana, nichague gama 2.2 au mpindo wa sRGB wenyewe? Kiwango hicho kilianzishwa na HP na Microsoft 1996, na mpindo wake sio kipeo kimoja, karibu na nyeusi ni mstari ulionyooka halafu unaendelea na 2.4, ukijumlisha unakaribia 2.2. Tofauti iko kwenye giza la chini kabisa, sRGB inainua vivuli kidogo. Mi nimejaribu vyote wiki mbili mbili na nimebaki na 2.2, kwasababu monita na simu za watu wengi zinakaa huko. Anayeediti video kwenye chumba cha giza yeye aangalie 2.4, kiwango cha BT.1886 cha mwaka 2011 kiliandikwa kwa ajili ya televisheni. Na kama una mafaili ya zamani kutoka Macintosh usishangae yakionekana mazito, zilikua zinatumia 1.8 mpaka toleo la Mac OS X 10.6 la 2009 ndo wakahamia 2.2.

Matokeo. Ripoti ya baada: nyeupe 110, weupe 6480, gama 2.2, vijivu wastani wa delta E chini ya 1. Delta E ni umbali kati ya rangi unayoitaka na unayoipata, chini ya 1 jicho kwa kawaida halioni tofauti. Kontrasti imeshuka kutoka 940 hadi 860 kwa 1, na hii ni halali kabisa, ukipunguza bluu unapunguza nyeupe wakati nyeusi inabaki palepale. Kuna watu wakiona kontrasti imepungua wanafuta kila kitu. Msifute. Siku mbili za kwanza skrini itaonekana ya njano na hafifu, ni macho yaliyozoea bluu, siku ya tatu ukirudisha setingi za zamani utashangaa ulikua unaishije. Na hapohapo ndo unaelewa kwanini vile vipimo vya macho vilivyomo ndani ya Windows na macOS vinasaidia kwenye gama lakini kwenye weupe havifiki mbali, jicho linazoea weupe wowote unaolipa.

Yasiyonifurahisha yapo. Programu ina chaguo nyingi mno, mtu mpya anafungua anakutana na maneno asiyoyajua ukurasa mzima, na hakuna anayemwambia kwamba robo tatu angeyaacha kama yalivyo. Kuna sehemu ya kuchagua masahihisho ya kolorimita kulingana na aina ya taa ya nyuma ya paneli, LED nyeupe ya kawaida au ile ya rangi pana, na hiyo sio ya kuiruka: kolorimita inaona kupitia vichujio vichache tu, mara nyingi vitatu, haiuchambui mwanga kipande kwa kipande kama kifaa kiitwacho spektrofotomita, ukichagua vibaya weupe utatoka na ukijani au upinki na utailaumu programu. Mi mara ya kwanza niliiruka, vijivu vikatoka vya pinki, nikarudia kazi yote. Pia vichujio vya vifaa vya zamani huchakaa kwa umri, kwahiyo cha kuazima kipime kwanza pembeni ya kingine kama unaweza. Halafu Florian Höch mwenyewe matoleo yake yaliishia 2019, iliandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, ambalo nalo lilifungwa mwanzoni mwa 2020, ila wajitolea wameihamishia Python 3 na hiyo ndo ninayotumia. Inafanya kazi vizuri, kuisakinisha tu ndo kunataka subira.

Kingine, kwenye Windows michezo na programu nyingine huwa zinalitupa lile jedwali la kadi ya picha na skrini inarudi ilivyokua bila kukuambia. DisplayCAL ina kijiprogramu kinachokaa chini pembeni kazi yake kulirudisha, kiacheni kiwake. Nilikizima mwezi wa pili nikidhani hakina maana, nikaediti siku mbili nzima kwenye gama isiyo yenyewe.

Kwa nani? Kama unaandika na kusoma tu, fanya kile kipimo cha mistari, punguza mwanga, inatosha, usihangaike na kifaa. Kama unagusa picha za watu wengine, harusi, bidhaa, kitabu cha picha, hata kama hulipwi, tafadhali pima. Kolorimita moja mnaweza kutumia watu kumi, inahitajika saa moja kwa mwezi kwa kila skrini, yangu imeshazunguka kwa wapiga picha wanne na kila mmoja gama yake ilikua tofauti, wa juu 2.5, wa chini 1.8, na hao walikua wanatumiana mafaili kila wiki wakibishana nani ameharibu. Tusitegemee kifaa kifanye paneli mbovu iwe nzuri lakini, mwanga usio sawa pembeni utabaki, rangi ambazo paneli haina hazitazaliwa, na TN itabaki TN.

Nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa ugumu wa kuanza.

Picha ya bibi niliifungua upya kutoka faili la kamera, nikafuta kila nilichoifanyia, nikaanza moja. Nilipandisha vivuli kidogo tu. Nikaipeleka kwa mchapaji yuleyule, nikamwomba radhi kwanza, akaichapa, tukaishika pembeni ya dirisha wote wawili. Jicho la kivulini lipo. Kwenye kitambaa nimehesabu mikunjo saba, na kwenye skrini ipo saba.